Injini ya farasi 52 iliyozama mtoni: Maisha ya Samuel Langley na funzo kwa kijana anayeunda ndege ya betri

Umeweka akiba miezi kadhaa. Umejinyima chipsi, umetembea kwa miguu siku ambazo ungepanda matatu, na hatimaye umenunua mota ya ndege yako ndogo ya kuunda mwenyewe. Tena si mota hivi hivi, ni ile kubwa kuliko zote dukani. Betri nayo umechukua ile nene, ukijiambia kwamba nguvu ikizidi haina ubaya. Jumamosi asubuhi mko uwanjani na marafiki, simu ziko juu tayari kurekodi. Unairusha. Inainua pua, inatetemeka, bawa linakunjika, halafu puu! Chini. Akiba ya miezi imeisha kwa sekunde tatu.

Usijione mjinga. Kuna mzee mmoja wa Marekani, msomi wa kuheshimika dunia nzima, aliyepatwa na jambo hilo hilo mbele ya waandishi wa habari, akiwa na injini bora kuliko zote za wakati wake na pesa za serikali mfukoni. Jina lake ni Samuel Pierpont Langley. Ukiyajua maisha yake, utajua pia jinsi ya kuchagua mota na betri.

Langley alizaliwa tarehe 22 Agosti 1834 Roxbury, karibu na Boston. Alisoma hadi sekondari, akaishia hapo. Chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi. Sasa wewe unayedhani bila digrii huwezi kugusa sayansi, hebu sikiza. Kijana huyu alifanya kazi ya uhandisi na uchoraji wa majengo katika miji ya Chicago na St. Louis, na elimu ya nyota akajifunza mwenyewe kwa vitabu. Yeye na ndugu yake John waliunda darubini kwa mikono yao.

Kazi hiyo ya mikono ndiyo iliyomfungulia milango. Alipata nafasi ya usaidizi katika kituo cha kutazama nyota cha Harvard, kisha akahamia chuo cha jeshi la wanamaji, na mwaka wa 1867 akapewa usimamizi wa kituo cha Allegheny karibu na Pittsburgh. Alikuta kituo hakina pesa wala vifaa vya maana. Alifanyaje? Aligeuza nyota kuwa biashara. Alipima saa kamili kwa kutazama nyota, kisha akawauzia wenye reli majira hayo kwa waya wa simu ya maandishi, ili treni zao zifuate saa moja. Pesa hizo ndizo zilizolipia utafiti wake. Karibu mwaka wa 1880 alikamilisha bolomita, kifaa cha kupima joto dogo mno linalotoka kwenye jua na vitu vya mbali. Mwaka wa 1887 akawa Katibu wa taasisi ya Smithsonian jijini Washington, cheo cha juu kabisa katika taasisi hiyo.

Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa tu ale heshima yake. Lakini mwaka wa 1886, akiwa na umri wa miaka 52, alisikia hoja kuhusu ndege wanaoelea angani bila kupiga mabawa, na swali likamkaa kichwani. Je, mashine nzito kuliko hewa inaweza kuruka? Enzi hizo swali hilo lilitosha kumfanya msomi achekwe na wenzake.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa ya busara, nawe ushike hapo. Hakukimbilia kununua injini. Alijenga mkono mrefu unaozunguka, wenye kipenyo cha mita 18 hivi, akafunga vibao na mabawa kwenye ncha yake na kupima hewa inavyoyainua. Matokeo aliyachapisha mwaka wa 1891, akisema injini zilizokuwepo tayari zilikuwa na nguvu ya kutosha kuinua mashine. Si kila kitu alichoandika humo kilikuwa sahihi. Alidhani kwamba kadiri ndege inavyoongeza kasi ndivyo inavyohitaji nguvu kidogo, kumbe hewa humrudisha nyuma anayekimbia. Lakini wazo la kupima kabla ya kuunda lilikuwa sawa kabisa.

Kisha akaanza kuunda ndege ndogo. Za mwanzo, makumi ya ndege hizo, ziliendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Unajua mchezo huo: unasokota mpira, unaachilia, propela inazunguka. Zilikaa angani sekunde chache tu, kwa sababu mpira hubeba nishati kidogo nayo huisha mara moja. Tatizo la Langley likawa lile lile ulilo nalo wewe leo. Ni chombo gani kitabeba nishati nyingi bila kuwa mzigo?

Alichunguza hewa iliyoshindiliwa, gesi na hata umeme. Umeme haukuwa mgeni hewani. Mwaka wa 1884, Wafaransa Charles Renard na Arthur Krebs walikuwa wamerusha puto refu lililoitwa La France, likiendeshwa kwa mota ya umeme, likazunguka kilomita 8 kwa dakika 23 na kurudi lilikotoka. Ila betri yao ilikuwa na uzito wa kilo mia kadhaa, na puto liliweza kuibeba kwa sababu lilikuwa limejaa gesi nyepesi. Ndege ya mabawa haina msaada huo. Kila gramu ya betri inainuliwa na mabawa, nayo mabawa yanategemea propela, propela inategemea mota, na mota inakula kwenye betri ile ile. Ni duara. Langley akaona betri za wakati huo hazitamfikisha popote, akachagua mvuke.

Usidhani mvuke ulikubali mara moja. Ndege yake ya kwanza ya mvuke, aliyoipa namba 0, iligeuka nzito mno kiasi kwamba aliitupa kando bila kuirusha. Zilizofuata nazo hazikuwa na nguvu ya kutosha. Akiongeza nguvu, uzito unapanda. Akipunguza uzito, fremu inalegea. Miaka mitano iliisha hivyo, fundi akikata huku na kuongeza kule.

Halafu ikafika tarehe 6 Mei 1896. Kwenye mto Potomac, karibu na Quantico, ndege namba 5 ilirushwa kwa manati kutoka juu ya mashua yenye kibanda. Ilikuwa na mabawa ya zaidi ya mita 4 kutoka ncha hadi ncha, uzito wa kilo 11 na ushei, na injini ya mvuke ya takriban nguvu farasi 1. Iliruka ikizunguka taratibu, ikapanda, ikasafiri kama mita 1,000. Maji ya boila yalipoisha propela zikasimama, nayo ikashuka polepole na kutua juu ya mto bila kuvunjika. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alikuwepo akipiga picha. Waliipangusa wakairusha tena siku hiyo hiyo. Novemba mwaka huo, ndege namba 6 ilifika karibu mita 1,460.

Hebu tupige hesabu kidogo. Nguvu farasi 1 ni wati 746. Gawa kwa kilo 11 na ushei, unapata kati ya wati 60 na 70 kwa kila kilo. Si nguvu ya kutisha. Iliruka kwa sababu injini, boila, propela, mabawa na fremu vilikuwa vimelingana. Hakuna kilichomzidi mwenzake.

Langley angeishia hapo, leo tungemsimulia kama shujaa asiye na doa, na inasemekana mwenyewe aliona amemaliza kazi yake. Lakini mwaka wa 1898 Marekani iliingia vitani na Uhispania, na wizara ya vita ikataka ndege ya kubeba mtu. Alipewa dola 50,000. Kwa pesa za wakati huo, hiyo ilikuwa mali.

Sasa tazama alivyofikiri. Ndege ndogo imeruka, basi nitaikuza ile ile, nitafute injini kubwa, kazi imeisha. Injini ikawa ndoto yake ya mchana na usiku. Fundi wa kwanza, Stephen Balzer wa New York, alishindwa kufikisha nguvu aliyoahidi. Msaidizi wa Langley, kijana mhandisi Charles Manly, akaichukua kazi hiyo na kuibadilisha yote. Alichotoa kilikuwa maajabu: injini ya petroli ya silinda 5, nguvu farasi 52, uzito wa kilo 57 hivi kabla ya kuongezwa maji na vifaa vingine. Hakuna aliyekuwa na injini nyepesi yenye nguvu kama hiyo popote.

Na fremu je? Mabawa? Uwezo wa kuiongoza ikiwa hewani? Hayo hayakupata hata nusu ya uangalizi uliopewa injini. Ukikuza ndege mara nne kwa kila upande, eneo la mabawa linaongezeka mara 16, lakini ukitumia vifaa vile vile uzito unaongezeka mara 64. Fremu iliyokuwa ngumu ikiwa ndogo inakuwa kama tambi ikiwa kubwa.

Tarehe 7 Oktoba 1903, ndege kubwa ilisukumwa na manati kutoka juu ya mashua, Manly akiwa ndani. Ilikwenda moja kwa moja mtoni. Wakaitengeneza. Tarehe 8 Desemba, kukiwa na baridi kali na vipande vya barafu majini, wakajaribu tena. Safari hii sehemu ya nyuma ilivunjika mara tu ilipoachiliwa, ndege ikapinduka, Manly akanaswa chini ya maji na nusura afe. Langley na Manly walilaumu mtambo wa kurushia. Wahandisi waliochunguza baadaye waliona udhaifu wa fremu yenyewe.

Siku tisa baadaye, tarehe 17 Desemba 1903, mafundi wawili wa baiskeli kutoka Dayton, Orville na Wilbur Wright, waliruka kwenye mchanga wa Kill Devil Hills, North Carolina. Mara ya kwanza ilikuwa sekunde 12 na mita 36 hivi. Ya nne siku hiyo ilifika sekunde 59 na mita 260.

Hapa ndipo nataka uweke simu chini uwaze. Ndege ya Langley pamoja na rubani ilikuwa na uzito wa karibu kilo 340. Ya akina Wright pamoja na rubani, vile vile karibu kilo 340. Injini ya Langley ilikuwa farasi 52, yaani wati 114 hivi kwa kilo. Ya akina Wright ilikuwa farasi 12 tu, wati 26 hivi kwa kilo. Mwenye nguvu mara nne alizama. Mwenye injini dhaifu aliruka.

Tofauti iko wapi? Akina Wright walianza na ndege zisizo na injini, wakajifunza kuziongoza tangu 1900 hadi 1902. Walipima mabawa. Propela waliikokotoa wenyewe hadi ikawa inatumia vizuri kila tone la nguvu. Injini ilikuwa kitu cha mwisho, nayo waliichagua kulingana na mahitaji ya ndege. Langley alipata injini kisha akatarajia ndege ijipange.

Sasa rudi kwenye meza yako. Wewe una bahati ambayo Langley hakuwa nayo. Betri za lithiamu polima na mota zisizo na brashi zimefanya umeme aliouacha kuwa mwepesi na wa bei unayoweza kufikia ukijibana. Lakini mpangilio wa kufikiri ni ule ule.

Anza na uzito. Pima ndege nzima pamoja na betri unayofikiria. Tuseme ni kilo 1. Ndege ya kujifunzia inahitaji kama wati 150 hadi 200 kwa kilo. Ndiyo, ni zaidi ya akina Wright. Wao waliinuka kidogo tu kutoka ardhini wakisaidiwa na upepo mkali wa mbele, ilhali wewe unataka kupanda juu na kubaki na akiba ya kujiokoa. Chukua wati 200.

Wati ni volti mara ampea. Seli moja ya betri hizi huhesabiwa volti 3.7, hivyo betri ya seli 3 ni volti 11.1. Gawa 200 kwa 11.1 unapata ampea 18 hivi. Mota yako lazima ivumilie hizo ampea 18. Kidhibiti kasi kinachokaa kati ya betri na mota kiwe na nafasi ya ziada, tuseme ampea 25 au 30, la sivyo kitaungua hewani.

Angalia betri. Ikiwa imeandikwa 2200, hiyo ni miliampea kwa saa, sawa na ampea 2.2 kwa saa moja. Namba yenye herufi C inakuambia inaweza kutoa mara ngapi ya hapo. Betri ya 25C inaahidi 2.2 mara 25, yaani ampea 55. Wewe unataka 18, kwa hivyo inapumua. Ukiifungulia mota yote, itakupa dakika 7 hivi hadi iishe kabisa, lakini usiimalize. Tua ikiwa imebaki na moja ya tano, kwa sababu betri hizi zikikaushwa zinakufa.

Halafu kuna namba inayowachanganya wengi, KV. Si kipimo cha nguvu. Ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti mota ikiwa haina mzigo. KV 1000 kwa volti 11.1 ni mizunguko 11,100 bila propela. KV kubwa huzunguka kasi na hutaka propela ndogo. KV ndogo huzunguka taratibu na hubeba propela kubwa. Mtengenezaji wa mota hutoa jedwali la propela inayofaa kwa kila idadi ya seli. Lisome kama unavyosoma masharti ya mkopo.

Kosa la kawaida mtaani ni kutoa betri ya seli 3 na kuweka ya seli 4 ukiacha propela ile ile, ati ndege iwe kali. Volti zimepanda kwa theluthi moja, lakini propela inavuta hewa kwa nguvu zaidi, na wati zinaweza kupanda hadi mara mbili au kuzidi. Mota inachemka, kidhibiti kinatoa moshi, na fremu uliyoikata kwa povu inapata mzigo ambao haikuumbiwa. Huo ndio ugonjwa wa Langley.

Funga mita ya wati kati ya betri na kidhibiti, shikilia ndege imara, vidole mbali na propela, usome mota inakula ampea ngapi hasa. Usiache betri ikichaji usiku umelala, na ikivimba usiitumie tena. Hakikisha ndege imesawazika karibu na robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Betri ndicho kitu kizito zaidi, kwa hivyo isogeze mbele au nyuma hadi mizani ikubali. Na kabla ya kuirusha, uliza masharti ya mamlaka ya safari za anga, KCAA, hasa ukiishi karibu na uwanja wa ndege.

Ya Langley yaliishaje? Magazeti yalimcheka, wabunge wakamsema, wizara ikafunga mfuko. Mwaka wa 1905 iligunduliwa kwamba mhasibu wa Smithsonian amekuwa akiiba pesa za taasisi. Langley hakuiba senti, lakini aliona lawama ni yake kama mkubwa, akakataa kupokea mshahara. Mwishoni mwa mwaka huo alipata kiharusi, na tarehe 27 Februari 1906 akafariki Aiken, South Carolina, akiwa na miaka 71. Hakuwahi kuoa, na ile ndege kubwa hakuiona ikiruka.

Lakini kazi yake haikupotea. Mwaka wa 1899, Wilbur Wright alipoandikia Smithsonian akiomba maandishi kuhusu kuruka, miongoni mwa aliyotumiwa yalikuwemo ya Langley. Meli ya kwanza ya Marekani ya kubeba ndege za kivita ilipewa jina lake, na kituo kimoja kikubwa cha utafiti cha NASA bado kinaitwa Langley. Ile ndege namba 5, ndogo, ya farasi mmoja, imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian.

Kwa hivyo ukirudi dukani na akiba yako, usianze kwa kuuliza mota kali ni gani. Ingia ukiwa na uzito wa ndege yako umeuandika kwenye karatasi, pamoja na wati unazohitaji na ampea zitakazotoka. Muuzaji akikuletea ile kubwa kuliko zote, mkumbuke Manly chini ya maji ya barafu, na injini bora kuliko zote duniani ikiwa imelala kando yake.